Soko la Hisa na Mwananchi, Sehemu ya Pili: Fahirisi Hupimaje Soko?

Mwaka 2019 ulipokwisha, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa majibu mawili kwa swali moja. Fahirisi ya hisa zote, inayojulikana kama NASI, ilisema soko limepanda kwa asilimia 18.5. Fahirisi ya kampuni 20, yaani NSE 20, ikasema soko hilo hilo, katika miezi ile ile kumi na miwili, limeshuka kwa asilimia 6.3. Aliyesikia ya kwanza alidhani wawekezaji wamevuna; aliyesikia ya pili alidhani wamekula hasara. Hakuna aliyedanganywa. Hesabu zote mbili zilikuwa sahihi.

Katika sehemu ya kwanza, juma lililopita, tulieleza hisa ni nini, dalali wa hisa hufanya kazi gani na akaunti ya CDS, ya kutunzia hisa, hufunguliwaje. Leo tunaingia katika namba ile inayosomwa mwishoni mwa habari za biashara, sambamba na bei ya dola. Wengi wetu huku Makadara huisikia ikipita tu, tukidhani ni mambo ya Westlands na ya wenye pesa zao. Sivyo. Kila mfanyakazi wa kiwandani anayekatwa mchango wa NSSF mwisho wa mwezi yumo sokoni tayari, apende asipende, kwa kuwa sehemu ya fedha hizo huwekezwa katika hisa. Namba hiyo inamhusu. Anastahili kujua inatoka wapi, na mambo gani haiyasemi.

Yote huanza na bei

Fahirisi haina kitu chake yenyewe. Hutegemea bei zilizopatikana sokoni siku hiyo. Soko huwa wazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Zamani madalali walikutana ana kwa ana wakaitana bei kwa sauti. Tangu Septemba 2006 kazi hiyo hufanywa na mfumo wa kompyuta: agizo la mnunuzi hukutanishwa na agizo la muuzaji pale bei zao zinapolingana, na biashara hukamilika papo hapo.

Kwa siku moja hisa za kampuni moja zaweza kuuzwa kwa bei kadhaa. Tuseme asubuhi hisa 100 ziliuzwa kwa Sh20 kila moja, na mchana hisa 300 zikauzwa kwa Sh22. Bei ya kufungia siku haitakuwa Sh22 kwa sababu tu ndiyo iliyotajwa mwisho, wala Sh21 kwa sababu iko katikati. Soko huchukua fedha zote zilizolipwa, Sh2,000 za asubuhi na Sh6,600 za mchana, likazijumlisha kupata Sh8,600, kisha likagawanya kwa hisa zote 400. Jibu ni Sh21.50. Waliouziana hisa nyingi wamevuta bei upande wao kuliko waliouziana chache.

Upo pia mpaka. Kwa siku ya kawaida bei ya hisa hairuhusiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 10 ya bei ya jana yake. Habari mbaya ikitokea asubuhi, hata iwe nzito kiasi gani, bei hushuka kidogo leo, kidogo kesho na kidogo kesho kutwa, na fahirisi huifuata.

Nani yumo, na ana uzito gani?

Jioni ikifika kuna bei za kampuni sitini na zaidi zilizoorodheshwa. Baadhi zimepanda, baadhi zimeshuka, na nyingine hazikuuzwa kabisa. Anayeuliza soko limeshindaje anataka jibu moja. Ni sawa na mtu aliyeingia soko la Jericho akataka kujua kama bei zimepanda: nyanya zimepanda, vitunguu vimeshuka, sukuma wiki haikubadilika. Hawezi kujibu mpaka aamue ni bidhaa zipi anazihesabu na kila moja anaipa uzito gani. Katika soko la hisa pia, maamuzi hayo mawili ndiyo yanayotenganisha fahirisi moja na nyingine. Yakishaamuliwa, kilichobaki ni hesabu.

Fahirisi kongwe ya Nairobi ni NSE 20. Msingi wake ni tarehe 1 Januari 1966, siku iliyopewa pointi 100. Ilianza na kampuni 17, baadaye zikafika 20. Kampuni huteuliwa kwa kuangalia ukubwa wake, wingi wa hisa zake zinazouzwa, idadi ya mauzo, kiasi cha hisa kilicho mikononi mwa umma, na rekodi yake ya faida. Orodha hupitiwa upya kila baada ya muda. Kampuni iliyolegea hutolewa na nyingine ikachukua nafasi.

Hesabu yake hutumia kinachoitwa wastani wa kijiometri. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe. Badala ya kujumlisha bei na kuzigawanya, unazizidisha, kisha unatafuta kipeuo. Chukua kampuni mbili tu, hisa ya moja ni Sh2 na ya nyingine Sh8. Mbili mara nane ni 16, na kipeuo cha pili cha 16 ni 4. Hiyo 4 ndiyo fahirisi yetu ndogo. Sasa hisa ya Sh2 ikipanda hadi Sh4, utazidisha 4 kwa 8 upate 32, na kipeuo chake ni 5.66. Kama badala yake ni ile ya Sh8 iliyopanda hadi Sh16, utazidisha 2 kwa 16 upate 32 ile ile, na jibu ni 5.66 vile vile. Hisa rahisi na hisa ghali zikipanda kwa kiwango kimoja cha asilimia, zinaisukuma fahirisi sawasawa. Kila kampuni ina kura moja.

Dow Jones ya New York, iliyoanzishwa na Charles Dow mwaka 1896 ikiwa na kampuni 12, haiko hivyo. Hiyo hujumlisha bei, na kwa sababu hiyo hisa ya dola 500 huivuta fahirisi mara kumi zaidi ya hisa ya dola 50, hata zikipanda kwa asilimia ile ile. Nairobi haikufuata njia hiyo. Kwa kampuni 20, moja ikipanda kwa asilimia 10 na nyingine 19 zikatulia, NSE 20 hupanda kwa karibu nusu asilimia. Ikiwa ilikuwa pointi 2,000, itafika takriban 2,010, iwe aliyepanda ni Safaricom au ni kampuni ndogo kuliko zote katika orodha.

Mbinu hii ina kasoro zake. Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme hisa ya Sh2 imeshuka hadi Sh1, na ile ya Sh8 imepanda hadi Sh16. Moja mara 16 ni 16, kipeuo ni 4, na fahirisi itasema hakuna kilichobadilika. Lakini mtu aliyeweka Sh1,000 katika kila kampuni sasa ana Sh500 huku na Sh2,000 kule, jumla Sh2,500. Amepata faida ya robo nzima ambayo fahirisi haikuiona.

Kasoro ya pili ni kwamba fahirisi ya aina hii haiwezi kubeba maiti. Namba yoyote ukiizidisha kwa sufuri unapata sufuri, hivyo kampuni inayokufa sharti itolewe mapema. Mumias Sugar wakati mmoja ilikuwa miongoni mwa hizo 20, na maelfu ya Wakenya walinunua hisa zake. Mwaka 2019 ilikabidhiwa kwa mrasimu na benki ya KCB iliyokuwa ikiidai, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. NSE 20 iliendelea na safari bila Mumias. Mwenye hisa za Mumias amebaki nazo.

Hisa zote kwa uzito wa mali

Februari 2008 soko lilileta fahirisi ya pili, NASI, ikiwa na msingi wa pointi 100 mnamo 1 Januari mwaka huo. Hapa hakuna uteuzi: kampuni zote zimo. Kura pia si moja kwa kila kampuni. Uzito wa kila moja ni thamani yake sokoni, yaani idadi ya hisa zake zote mara bei ya hisa moja. Kupima uzito kwa thamani ya sokoni ndiyo njia ya fahirisi nyingi kubwa duniani, ikiwemo S&P 500 ya Marekani na FTSE 100 ya London iliyoanza Januari 1984 kwa pointi 1,000.

Tufanye soko la kampuni tatu. Ya kwanza ina hisa 1,000 za Sh10, thamani yake Sh10,000. Ya pili ina hisa 100 za Sh50, thamani yake Sh5,000. Ya tatu ina hisa 50 za Sh100, nayo ni Sh5,000. Soko zima ni Sh20,000, na hizo tunaziita pointi 100. Kampuni ya kwanza ikipanda kwa asilimia 10, soko linakuwa Sh21,000 na fahirisi inafika 105. Kampuni ya tatu ikipanda kwa asilimia ile ile, soko linakuwa Sh20,500 na fahirisi inafika 102.5 tu. Mwenye mali nyingi ndiye mwenye sauti kubwa, hata kama hisa yake moja ni ya Sh10.

Kampuni mpya ikiingia je? Tuseme fahirisi iko 105 na soko ni Sh21,000, kisha ikaja kampuni ya nne yenye thamani ya Sh4,200. Soko sasa ni Sh25,200, lakini hakuna mwekezaji aliyepata faida hata ya senti. Ni mgeni tu ameingia. Wahesabuji hubadilisha kigawanyo kutoka Sh20,000 hadi Sh24,000, na Sh25,200 ukigawa kwa hiyo na kuzidisha kwa 100 unapata 105 ile ile. Marekebisho ya aina hii hufanywa pia kampuni inapoongeza hisa au inapoondoka sokoni.

Mgeni mkubwa kuliko wote aliingia miezi michache tu baada ya NASI kuzaliwa. Serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom, robo ya kampuni, kwa Sh5 kila moja. Waombaji walizidi laki nane, wengi wao hawajawahi kununua hisa maishani, na biashara ikaanza tarehe 9 Juni 2008. Kampuni nzima ina hisa bilioni 40. Kwa bei ya Sh5 ilikuwa na thamani ya Sh200 bilioni, na wote walioishi mitaa yetu wakati huo wanakumbuka foleni za fomu.

Kitendawili cha 2019

Sasa tunaweza kujibu swali tuliloanza nalo. Mwaka 2019 hisa ya Safaricom ilianza ikiwa Sh22.20 na ikamaliza ikiwa Sh31.50. Zidisha kwa hisa bilioni 40 na ushee: thamani ya kampuni hiyo peke yake iliongezeka kutoka takriban Sh889 bilioni hadi zaidi ya Sh1.26 trilioni. Ongezeko ni Sh370 bilioni na ushee. Soko zima mwanzoni mwa mwaka huo lilikuwa na thamani ya takriban Sh2.1 trilioni. Ukigawanya utaona kwamba kati ya ile asilimia 18.5 iliyotangazwa, karibu 18 zilitoka kwa kampuni moja. Mabenki makubwa nayo yalipanda, hasa baada ya sheria ya kudhibiti riba kuondolewa Novemba mwaka huo.

Katika NSE 20 mambo yalikuwa mengine. Humo Safaricom ilikuwa na kura moja sawa na Bamburi na Kenya Power, na mwaka huo kampuni hizo mbili na nyingine kadhaa zilishuka vibaya. Kura za walioshuka ziliwashinda waliopanda. Kwa hiyo NASI ilijibu swali la mali yote iliyo sokoni imekuaje, na NSE 20 ikajibu swali la kampuni ya kawaida katika orodha imekuaje. Ni maswali mawili tofauti, na habari za jioni hazina muda wa kusema ni lipi limeulizwa.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa kuhusu NASI. Inahesabu hisa zote bilioni 40 za Safaricom, ilhali umma ulipewa robo tu. Nyingine zilibaki mikononi mwa wamiliki wakubwa ambao hawauzi kila siku. Fahirisi nyingi za kimataifa huhesabu tu hisa zinazopatikana sokoni kwa kweli. Soko letu limeongeza vipimo vingine, NSE 25 mwaka 2015 na NSE 10 mwaka 2023, ili msomaji asitegemee kimoja. Majirani zetu pia wamekutana na tatizo la uzito. Dar es Salaam kuna fahirisi ya hisa zote, ambamo zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia huko kama East African Breweries na KCB, na kuna nyingine ya kampuni za Tanzania peke yake. Bila hiyo ya pili, bei ikianguka Nairobi ingeonekana kana kwamba biashara za Tanzania zimeyumba.

Mambo ambayo fahirisi haiyasemi

Tembea kutoka Jogoo Road uingie Eneo la Viwanda kwa barabara ya Likoni. Huko ndiko kiliko kiwanda cha BAT, na huko huko ziko ofisi na kiwanda cha Crown Paints. Zote mbili zimeorodheshwa sokoni. Vijana wetu wa Viwandani, Hamza na Maringo hupita mbele ya malango hayo kila alfajiri wakitafuta kibarua, na wachache wanajua kwamba kampuni zilizo nyuma ya malango hayo zina hisa ambazo wao pia wanaweza kununua.

BAT inatufundisha jambo la kwanza ambalo fahirisi hailisemi. Kwa mwaka 2023 iliwalipa wenyehisa mgao wa Sh50 kwa kila hisa, na hisa yenyewe ilikuwa ikiuzwa kwa kiasi cha Sh400. Mwenye hisa 100 alipokea Sh5,000 kabla ya kodi. Fedha hizo hazionekani popote katika NSE 20 wala NASI, maana zote mbili huhesabu bei pekee. Hata zaidi, vitabu vinapofungwa kwa ajili ya mgao bei ya hisa huelekea kushuka, kwa kuwa mnunuzi wa kesho hataupata. Fahirisi hurekodi huo mshuko kama hasara huku mwenyehisa akisubiri hundi yake. Katika soko kama letu, ambako mabenki na kampuni kongwe hulipa migao minono, anayesoma fahirisi tu anaona nusu ya habari.

La pili ni thamani ya shilingi yenyewe. Tarehe 18 Februari 1994 NSE 20 ilifika pointi 5,030, kiwango ambacho ilikuwa haijawahi kukifikia kabla ya hapo. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lililo chini ya Benki ya Dunia, lililitaja soko la Nairobi kuwa lililofanya vizuri kuliko yote duniani, kwa faida ya asilimia 179 kwa hesabu ya dola. Ni sifa kubwa. Lakini mwaka uliotangulia, 1993, mfumko wa bei nchini ulipita asilimia 45. Familia ya Jericho au Mbotela iliyonunua unga mwaka huo haikuhisi kwamba nchi inaongoza ulimwengu kwa lolote isipokuwa dhiki.

Baada ya hapo namba zilipanda na kushuka. Mwaka 2002 NSE 20 ilikuwa imeteremka hadi karibu na 1,000. Januari 2007 ilipita 6,100. Mapema 2009, baada ya ghasia za uchaguzi na msukosuko wa fedha duniani, ilikuwa chini ya 2,500. Mwisho wa 2023 ilikuwa kwenye 1,500 hivi, chini ya theluthi moja ya kiwango cha 1994. NASI nayo ilifunga mwaka huo kwenye 92, maana yake bei kwa jumla zilikuwa chini ya zilivyokuwa Januari 2008, miaka 16 nyuma. Kisha 2024 shilingi ikapata nguvu kutoka karibu 160 kwa dola hadi takriban 129, hofu kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni la Eurobond ikapungua, na NASI ikapanda kwa asilimia 34. Asiyejua safari hiyo yote akisikia asilimia 34 pekee ataenda kukopa anunue hisa. Anayeijua atauliza kwanza kupanda huko kunaanzia wapi.

La tatu ni kwamba fahirisi si uchumi wa nchi. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya kazi nane katika kila kumi nchini ziko katika sekta isiyo rasmi: fundi wa Kaloleni, mama wa mitumba, mwenye matatu, seremala wa kando ya Jogoo Road. Hakuna hata mmoja wao katika hizo kampuni sitini. Soko likipanda kwa asilimia 10 biashara zao zaweza kuwa zimelala, na likishuka huenda wao wanauza vizuri. Mwanasiasa anayesimama jukwaani na fahirisi mkononi akidai ndiyo ushahidi kuwa wananchi wamestawi, anaitumia namba kwa kazi isiyokuwa yake.

Kwa nini tulichelewa kuingia sokoni

Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha madalali, wakifanyia biashara zao katika hoteli ya New Stanley. Mwaka huo huo, tarehe 24 Aprili, serikali ya kikoloni ilianzisha Operesheni Anvil ya kuwasaka Mau Mau na kuwazoa maelfu ya Waafrika katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Ndiyo miaka iliyojengwa mitaa iliyopewa jina la diwani Ambrose Ofafa, makazi ya wafanyakazi waliotakiwa mjini kwa jasho lao tu. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa mpaka baada ya uhuru wa 1963. Baba zetu walifanya kazi relini, wakasaga unga na kutengeneza sigara, lakini mlango wa kumiliki hisa za kampuni ulifungwa kwao. Pengo hilo halikuzibwa na bendera peke yake.

Limezibwa polepole. Mwaka 1988 serikali iliuza asilimia 20 ya Kenya Commercial Bank (KCB) kwa umma, na mwaka 1996 ikafuata Kenya Airways. Yalikuwapo pia maumivu. Kampuni ya udalali ya Francis Thuo ilianguka 2007, na Nyaga Stockbrokers ikawekwa chini ya msimamizi 2008, na wawekezaji wengi wadogo wakabaki wakidai fedha na hisa zao. Kwa miaka mingi pia kununua kwa kawaida kulianzia hisa 100; hisa za BAT kwa bei ya Sh400 zilihitaji Sh40,000, zaidi ya mshahara wa mwezi wa vibarua wengi. Agosti 2025 sharti hilo liliondolewa, na sasa mtu anaweza kununua hisa moja. Mlango uko wazi kuliko ulivyowahi kuwa. Ujuzi wa kusoma namba ndio uliobaki nyuma.

Maswali ya kuuliza

Rai yangu kwa msomaji, awe na hisa au asiwe nazo, ni hii. Ukisikia fahirisi imepanda au imeshuka, uliza ni fahirisi ipi, NSE 20 au NASI. Uliza ni kampuni gani iliyoivuta. Kwa NASI anza na Safaricom. Uliza imepanda tangu lini, maana siku moja, mwaka mmoja na miaka 15 hutoa majibu yanayopingana. Uliza mgao ulikuwa kiasi gani na bei za bidhaa dukani zilipanda kiasi gani katika muda huo huo. Majibu ya maswali hayo hupatikana bure katika kurasa za biashara na katika ripoti ambazo kampuni zilizoorodheshwa hulazimika kuzichapisha.

Vyama vya akiba vya mitaa yetu vina nafasi ya pekee hapa. Chama cha Makongeni au Harambee kinachokutana kila mwezi kinaweza kutenga nusu saa kusoma ripoti ya mwaka ya kampuni moja na kulinganisha bei ya hisa yake na fahirisi zote mbili. Baada ya mwaka mmoja wanachama wake watakuwa wamezifahamu kampuni kumi na mbili, na hakuna tapeli wa mtandaoni atakayewauzia ndoto ya faida ya asilimia 50 kwa mwezi. Na kwa mfanyakazi ambaye hana chama: dai taarifa ya akaunti yako ya NSSF, isome, uulize riba uliyopewa mwaka huo ililinganaje na soko. Ni fedha zako, na hakuna sheria inayokukataza kuuliza.

Juma lijalo, katika sehemu ya tatu, tutaeleza hatifungani za serikali: nani huikopesha serikali, kwa riba gani, na kwa nini riba hiyo ikipanda bei za hisa huelekea kushuka. Kabla ya hapo, chukua gazeti la leo, tafuta namba ya NSE 20 na ya NASI, ziandike kando kwa kando, kisha fanya hivyo kila siku hadi Ijumaa. Zikitofautiana, sasa unajua pa kutafuta sababu.